Likizo ya mwezi wa sita nataka kuwapeleka watoto Dar tukitokea Dodoma, naombeni mwongozo

MamaWatatu_Dom

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naomba mawazo kwa wenyeji wa Dar au wazazi mlioshaenda na watoto. Shule zikifunga mwezi wa sita mimi na mzee tumewaahidi watoto tunawapeleka Dar, maana wamezaliwa Dodoma wamekulia Dodoma na bahari wanaiona kwenye TV tu. Wako watatu, mkubwa ana 11, wa kati 7, wa mwisho hajafika 4. Na mama mkwe kasema haachwi, na kwa kweli natamani sana aende, kashavuka 70 na yeye pia bahari hajawahi kuiona, ila magoti yanamsumbua, hawezi kutembea sana wala ngazi nyingi hawezi.

Kinachonipa mawazo ni kwamba bajeti yetu ya kawaida, na kila ninayemuuliza ananitajia mamoli na michezo ya kulipia na yale mabwawa ya kuteleza kule Kunduchi, ukipiga hesabu ya watu sita unaona hela imeisha siku mbili. Mkubwa anachotaka ni fuvu la Zinjanthropus tu, wamelisoma shule. Wa kati anataka treni na meli. Tunafikiria siku nne tano hivi. Tulale wapi, twende wapi, na wapi tusipoteze muda? Ndugu tunao Mbagala ila wamepanga vyumba viwili, sitaki kuwabana.

Mkazi wa Magomeni

Dada karibuni sana mjini. Ushauri wangu mkubwa ni huu, usipange Dar kwa kuangalia sehemu ipi nzuri, panga kwa upande wa mji. Siku moja upande mmoja, basi. Watu wanakuja hapa asubuhi wako Posta, mchana wanataka Kunduchi, jioni Kigamboni, matokeo yake watoto wanaiona Dar kupitia dirisha la daladala wakiwa kwenye foleni, wanarudi wamechoka na wamenuna.

Siku ya Posta anza Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert. Huyo mkubwa mwambie fuvu lenyewe aliliokota Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959 na habari yake yote ataikuta hapo, pia kuna magari ya zamani waliyotumia viongozi, hapo hata huyo wa miaka 7 atakaa. Mkitoka pembeni tu kuna bustani ya mimea yenye miti mikubwa na kivuli, mkibahatika mnaona na tausi wanatembea, mama apumzike hapo msimkimbize. Halafu chukueni taksi fupi mpaka Feri. Kula hapohapo soko la samaki, unanunua samaki mbichi unampeleka kwa wakaangaji wanakukaangia unaona kwa macho yako, kwa familia inatoka nafuu kuliko mgahawa wowote wa Posta.

Na meli ya huyo wa kati ipo hapohapo, kivuko cha Kigamboni! Nauli ni ya mamia sio maelfu, mnavuka mnarudi. Ila sikiliza hapa kwa makini maana una mzee na mtoto mdogo: geti likifunguliwa watu wanakimbia, wanasukumana kweli, mizigo kichwani, baiskeli, kila kitu. Nyie msiondoke na wimbi la kwanza. Simameni pembeni mpaka wapite wote ndio muingie taratibu, na wakati wa kushuka hivyohivyo. Epuka asubuhi ya watu kwenda kazini na jioni ya kurudi, saa tano mpaka saa nane mchana kunakuwa na afadhali.

Kulala tafuta loji iliyo karibu na kituo cha mwendokasi, Magomeni kwa mfano, Posta mnafika moja kwa moja. Sinza loji zipo nyingi na bei nzuri ila ulizia kwanza kama jirani kuna baa, watu wengi wamekesha na watoto kwa sababu ya muziki. Omba vyumba viwili vya chini, usikubali kuambiwa "ghorofa ya kwanza tu" wakati mama ana magoti.

Kijana wa Kilosa

Kuhusu usafiri chukueni SGR, ile treni ya umeme, tena ya MCHANA. Najua wengi wanapenda ya usiku ili wafike asubuhi lakini kwa watoto ni kuwanyima uhondo, maana kipande cha Gulwe Kidete mpaka Kilosa ndio kizuri kuliko chote, milima, bonde la Mkondoa, halafu mahandaki. Treni inaingia ndani ya mlima ghafla giza, watoto behewa zima wanapiga kelele, inatoka mwanga, mara inaingia tena. Mimi mtu mzima na kwetu ni hapo lakini bado naacha simu nikifika hapo.

Nauli ya daraja la kawaida Dodoma Dar ilipangwa 31,000 mtu mzima, mtoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu yake, chini ya 4 halipi. Kwa hiyo nyie ni watu wazima watatu na nusu mbili, piga hesabu, na huyo mdogo mnampakata. Bebeni kopi za vyeti vya kuzaliwa isije ikawa ubishi wa umri. Kateni mapema sana maana likizo nafasi zinaisha, na kateni ya kurudi siku hiyohiyo, wengi wanasahau ya kurudi. Mfike stesheni mapema kuna ukaguzi wa mizigo, na muda ukifika treni inaondoka, haisubiri mtu kama basi.

BabaMapacha

Mmesahau Sabasaba jamani. Maonesho ya biashara yanaanza tarehe 28 mwezi wa sita pale viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa. Kama mnaweza sogezeni safari iwe mwisho wa mwezi, watoto wanaona mashine, wanyama, bidhaa za nchi nyingi, na ndugu zenu wa Mbagala wako barabara hiyohiyo mnapita kuwasalimia. Ila tarehe 7 mwezi wa saba yenyewe msiende, na wikiendi pia msiende, nendeni siku ya kazi asubuhi. Andika namba ya simu kwenye mkono wa kila mtoto kwa kalamu, wanangu naandika hata tukienda Kariakoo.

Mkazi wa Magomeni

Mkuu BabaMapacha hapo sikubaliani na wewe kwa huyu dada. Sabasaba ni kutembea kutwa nzima juani na mama hana magoti. Na kipindi hicho loji zinajaa. Aende katikati ya mwezi mji ukiwa umetulia. Badala ya Sabasaba aende Kijiji cha Makumbusho kule Kijitonyama, nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake kabisa, na tembe ya Wagogo ipo. Mama mkwe ataingia mle na kuwaelezea wajukuu zizi lilikaaje na moto ulikaa wapi, hapo yeye ndio atakuwa mwenyeji wa siku. Pametulia, miti mingi, na mara nyingine mnakuta ngoma. Mwendokasi mnashukia Morocco, kutoka hapo bajaji.

BabaMapacha

Sawa mkuu, kwa habari ya mama umenishinda. Lakini kwa mwenye watoto wakubwa Sabasaba bado nasimamia.

Mpwani

Naona watu wote mmeongea mji, bahari hamjaigusa vizuri wakati ndio ahadi waliyopewa watoto. Dada, kwa mtu wa bara jambo la kwanza ni kujua maji. Bahari haikai sehemu moja, inajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Ukienda Coco Beach maji yamekupwa utakuta mawe na mchanga, mtu anasema "kumbe ndio hii". Angalia mwezi: ukiwa mpevu au umeandama hayo ni maji ya bamvua, yanajaa sana na kupwa sana, kwetu Dar yanakupwa kama saa nne tano asubuhi na kujaa jioni saa kumi hivi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanajaa kidogo na saa zake ni kinyume.

Wapelekeni mara mbili. Asubuhi moja ya kupwa wavae yeboyebo, waangalie vidimbwi kwenye mawe, kuna kaa, kuna visamaki, huyo wa miaka 7 hatotoka. Halafu jioni maji yanajaa wakae wale mihogo ya kukaanga na kachumbari pale Coco, mama mumtafutie kiti karibu na ukingo, upepo wa kusi mwezi wa sita ni mzuri mno, hakuna joto lile la Januari, hata sweta la mtoto beba.

Kuoga wasivuke magoti na mtu mzima awe NDANI ya maji pamoja nao, sio nchi kavu na simu. Kusi ikivuma mawimbi yana nguvu ya kumvuta mtoto. Kwa sababu hiyohiyo visiwa vya Mbudya na Bongoyo mimi safari hii ningeacha, boti ndogo, bahari imechafuka, mzee kupanda na kushuka majini ni mateso. Zitakuwepo mwakani.

MamaWatatu_Dom

Jamani Mungu awabariki, sikutegemea. Nimemsomea mama hapa sebuleni, aliposikia tembe akauliza kama na kibuyu wameweka. Tumekubaliana katikati ya mwezi, treni ya mchana, Magomeni. Nimeangalia kalenda tutaangukia karibu na mwezi mpevu kwa hiyo kupwa ni asubuhi, sawa Mpwani? Swali la mwisho, stesheni ya Dar na ile ya Dodoma ngazi zikoje kwa mama?

Mpwani

Sawa kabisa dada. Kila siku saa ya kupwa inachelewa kama dakika hamsini, zingatia hilo.

Kijana wa Kilosa

Zote mbili zina lifti na ngazi za umeme. Kwa mama tumieni lifti, ngazi za umeme kwa asiyezizoea zinamtoa mtu kwenye mizani. Mkiingia tu waambieni wahudumu mna mzee, na mkate siti za karibu na mlango.