Waosha magari wa Tanga, acheni kumwaga asidi kwenye rimu zetu

Ndugu wanajukwaa, hasa mnaomiliki magari hapa Tanga mjini,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaki kuificha. Rimu nne za gari langu zimeharibiwa kwa dawa ambayo sikuiomba, iliyomiminwa kutoka kwenye chupa isiyo na lebo, na msimamizi wa kazi hiyo ameniambia usoni kwamba hakuna kilichoharibika. Sitaitaja sehemu yenyewe, kwa sababu nimekwisha zungumza na madereva wenzangu wa Ngamiani, Chumbageni na Sahare, na karibu kila mmoja ananiambia kuwa chupa ya namna hiyo ipo hata pale anapooshea yeye. Kwa hiyo silalamikii banda moja. Ninalalamikia tabia iliyoachwa mpaka ikaonekana kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Nianze na vumbi la breki, kwa sababu uharibifu wote huu unatokana na kutolielewa. Ule weusi unaoganda kwenye rimu si vumbi la barabarani wala si matope. Kila unapokanyaga breki, pedi hubana diski ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na kwa msuguano huo pedi na diski zote mbili hulika kidogo kidogo. Kinachotoka ni unga laini mno wenye chembe za chuma, kaboni na ile gundi inayoshikilia malighafi za pedi, na unatoka ukiwa wa moto, hivyo unapoigusa rimu hujishika kwenye vanishi na kukaa. Rimu za mbele huchafuka zaidi kwa kuwa gari linapopunguza mwendo uzito wake huegemea mbele, na breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Mimi nilikuwa nimetoka Lushoto. Anayeijua ile barabara ya kona kali inayopita Soni hadi Mombo, zaidi ya kilomita 30 za kushuka kutoka mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hahitaji kuelezwa kwa nini rimu zangu zilikuwa nyeusi, ingawa mteremko wote niliushuka kwa gia ndogo ili injini isaidie breki.

Hapa kwetu pwani kuna jambo la ziada. Chembe hizo za chuma zikikutana na unyevu pamoja na chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, hushika kutu zikiwa palepale kwenye rimu, ndiyo maana weusi ukiachwa muda mrefu hugeuka vidoa vya kahawia ambavyo havitoki kwa kumwagiwa maji tu. Nakubali kabisa kwamba ni uchafu mgumu. Lakini ugumu huo ndio ungemfanya muoshaji anayejua kazi yake aongeze muda na uangalifu, wala usingemtuma kwenye chupa ya asidi.

Nilimweleza kijana aliyelipokea gari kuwa rimu zina vumbi la breki, nikamwomba azioshe kwa sabuni ya gari na brashi laini, nami nikaenda kuketi kivulini. Baada ya muda mfupi nikasikia harufu inayochoma pua na kukwaruza koo. Nilipotazama, niliona povu chafu la rangi ya manjano likichemka kwenye rimu ya mbele kushoto, mvuke hafifu ukipanda, na yule kijana amegeuzia uso pembeni huku akisugua kwa stilwaya. Alikuwa amekwisha kumaliza rimu za upande wa pili.

"Mwanangu, hicho unachomimina ni nini?" nilimuuliza.

"Dawa ya rimu, mama. Ondoa shaka, hii inatoa kila kitu."

Dawa yenyewe ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, kizibo chake kimetobolewa kwa msumari, na haikuwa na maandishi yoyote. Mikononi hakuwa na glavu. Kucha zake zilikuwa nyeupe zimefifia, ngozi baina ya vidole imepasuka, na miguuni alivaa kandambili huku yale maji yakitiririka katikati ya vidole vyake. Nilimwambia aache, naye aliacha, na ninapenda ieleweke kwamba sina ugomvi na kijana huyu. Yeye amekabidhiwa chupa akaambiwa afanye kazi. Ugomvi wangu ni kwa aliyemkabidhi.

Sasa someni kwa makini hapa, maana ndipo wengi tunapoibiwa bila kujua. Rimu iliyounguzwa na asidi ikiwa bado imelowa huonekana safi kabisa, hata inang'aa, kwa sababu maji huyajaza yale makwaruzo madogo na kuyaficha. Mmoja wa waoshaji alipita na kitambaa chenye mafuta, akapaka matairi na rimu zote kwa pamoja, funika kombe mwanaharamu apite. Nikalipa shilingi 7,000 nikaondoka. Nilipofika nyumbani jua lilikuwa limekausha kila kitu, na kesho yake asubuhi, mafuta yalipofutika, nikaona michirizi myeupe kama maziwa ikishuka kutoka kwenye nati hadi ukingoni mwa kila rimu, ikifuata njia ile ile iliyopitiwa na dawa. Nati zenyewe zilikuwa zimepoteza mng'ao na kuanza kushika kutu. Ukipitisha ukucha juu ya michirizi hiyo, unahisi mkwaruzo mahali palipokuwa laini.

Niliporudi kulalamika, msimamizi alizitazama rimu akiwa ameketi, wala hakuinuka. "Mama, rimu zako zilikuwa hivyo tangu zamani, ni uchafu tu ulikuwa umezificha," ndiyo ilikuwa kauli yake. Fidia aliyonipa ni kuniambia nitaoshewa bure nikija tena. Hebu fikirini mtu anayeharibu mali yako, akakukana, kisha akakualika umletee tena mali hiyo hiyo.

Kauli kwamba uchafu uliificha michirizi hiyo haina msingi. Rimu nyingi za magari tunayoyapokea kutoka Japani ni za alumini iliyochanganywa na madini mengine, zikapigwa rangi, na juu ya rangi zikapakwa vanishi angavu. Alumini hujilinda yenyewe kwa utando mwembamba sana wa oksidi, na asidi kali huuyeyusha utando huo kisha ikaanza kuila metali yenyewe. Vanishi nayo hufifia na kuwa na ukungu. Pale ambapo imekwisha kuchubuka kwa jiwe au kwa kugusa ukingo wa barabara, asidi hupenya chini yake, na baada ya hapo chumvi ya bahari humalizia kazi: kutu nyeupe hutambaa chini ya vanishi kwa vijistari vyembamba, na vanishi huanza kubanduka vipande vipande. Michirizi inayofuata mkondo wa dawa haiwezi kuwa ya zamani. Na atakayenijibu kwamba yeye hatumii asidi bali kostiki, ile ya watengeneza sabuni, ajue kuwa alumini huliwa na pande zote mbili, asidi kali na alikali kali.

Wala si sura ya rimu peke yake. Asidi isiyosuuzwa vizuri hubaki kwenye diski, kwenye kalipa (kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) na kwenye mipira inayozuia vumbi lisiingie humo. Yale mafuta waliyopaka kwa kitambaa ni hatari kuliko hata michirizi, kwa sababu mafuta yakifika kwenye diski au pedi, breki hupungua nguvu, na dereva atalijua hilo siku anayohitaji kusimama ghafla. Gari langu pia lilimwagiwa maji baridi rimu na diski zikiwa bado za moto kutokana na safari, jambo ambalo huweza kuipinda diski na kukuachia usukani unaotetemeka kila unapokanyaga breki. Isitoshe, dawa yoyote ikimwagwa juu ya rimu ya moto hukauka upesi na kuunguza zaidi.

Turudi kwa wale vijana, maana jambo hili linaniuma kuliko rimu. Dawa nyingi za vyoo na za kusafishia marumaru huwa na asidi ya haidrokloriki, ambayo mvuke wake huumiza macho na mapafu. Baadhi ya dawa kali za rimu zinazotengenezwa duniani huwa na asidi ya haidrofloriki au chumvi zake, na hiyo ni balaa la namna yake: hupenya ngozi, huifuata kalsiamu iliyomo mwilini, na maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hivyo mtu anakwenda kulala akidhani yuko salama. Na mtu akichanganya asidi na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ili "iongezeke nguvu," anatengeneza gesi ya klorini palepale bandani. Kijana anayefanya kazi kwa chupa isiyo na jina hawezi hata kumweleza daktari pale hospitali ya Bombo ni kitu gani kimemuunguza.

Nchi hii inayo Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kemikali ya kuunguza haipaswi kuzunguka mitaani ndani ya chupa ya maji ya kunywa ambayo mtoto mwenye kiu anaweza kuiokota. Nawaomba wahusika wa mkoa wetu wapite kwenye mabanda haya, waulize kila chupa ina nini, na waliokutwa nazo waulizwe wamezinunua wapi.

Isije ikaonekana kwamba nadai jambo lisilowezekana. Vumbi la breki linaondoka bila asidi, na si kwa gharama kubwa. Rimu ziachwe zipoe mpaka uweze kuzishika kwa kiganja. Zisuuzwe kwanza kwa maji mengi ili ule unga uliolegea uondoke, maana ukiusugua ukiwa mkavu unazichuna rimu kwa chembe zake mwenyewe za chuma. Kisha itumike sabuni ya gari, brashi yenye nywele laini, na ndoo ya peke yake kwa ajili ya rimu, isichanganywe na ile ya bodi. Ioshwe rimu moja hadi imalizike, isuuzwe, ndipo ihamiwe nyingine, na mwisho zikaushwe kwa kitambaa. Hili la kukausha tunalidharau, na hapa Tanga ni kosa, kwa sababu mji wetu uko kwenye ukanda wa mawe ya chokaa, Mapango ya Amboni ni ushahidi tosha, na maji ya visima vingi yana chokaa au chumvi inayoacha alama nyeupe yakikaukia juani.

Kwa vile vidoa vya kahawia vilivyokwisha kuganda, zipo dawa zisizo na asidi kali zilizotengenezwa kuyeyusha chembe za chuma tu. Utaitambua kwa sababu ikikutana na chuma hugeuka rangi ya zambarau, na harufu yake inafanana na ile ya dawa ya kalikiti waliyokuwa wakipakwa mama zetu saluni, kwa kuwa kiini cha dawa hizo mbili ni cha jamii moja. Inapulizwa, inangojewa dakika chache bila kuachwa ikauke, inasuuzwa. Rimu iliyo safi ikipakwa nta ya gari, vumbi linalofuata halishiki sana. Na ukifika wakati wa kubadili pedi, muulizeni fundi kuhusu pedi za seramiki, ambazo kwa kawaida hutoa vumbi kidogo na hafifu kuliko zile zenye nyuzi nyingi za chuma. Ila kuosha mara kwa mara ndiko kunakosaidia kuliko vyote, maana vumbi la wiki moja hutoka kwa sabuni tu.

Kwa wenye mabanda ya kuoshea magari ninadai mambo ya haki kabisa. Msiweke dawa yoyote kwenye rimu ya mtu kabla hamjamuuliza na kumwonyesha chupa yenye lebo ya mtengenezaji. Wapeni vijana glavu na mabuti. Msipake mafuta karibu na diski. Mkiharibu, kubalini na mlipe, kwa sababu gharama ya kuikwangua rimu, kuipiga rangi upya na kuipaka vanishi haiko popote karibu na shilingi 7,000, achilia mbali rimu nne.

Nanyi wenye magari, kabla ya kulipa ombeni rimu zifutwe zikauke, mziangalie mkiwa bado mko hapohapo, na mpige picha mnapofika na mnapoondoka. Mimi picha zangu za kabla ya kuosha ninazo, nilizipiga Mombo gari likiwa limeegeshwa, na nitazipeleka pamoja na malalamiko ya maandishi.

Waliokwisha kukumbwa na hali hii hapa Tanga, Muheza au Korogwe, naomba waandike hapa chini yaliyowapata na namna walivyojibiwa, ili malalamiko yasiwe ya mtu mmoja. Na anayemfahamu fundi anayekarabati rimu za alumini kwa kuzikwangua hadi kwenye metali, bila kupuliza rangi juu ya kutu, tafadhali anieleze yuko mtaa gani.