Klabu ya vitabu: mbona kila zamu tunachagua kulia?

Mwanzisha mada: Wakuu, tulijadili hili bila kuoneana haya. Kwenye klabu yetu riwaya ya msiba hupita bila kupingwa, ya kuchekesha inaambiwa isubiri likizo. Naona tunajidanganya: ukija na macho mekundu unaonekana umesoma kwa kina. Juzi tulianza na ukurasa ambao mama anakunja nguo za marehemu mwanawe, moja moja, anazirudisha kabatini. Ukurasa mzuri, sibishi. Lakini muda si mrefu kitabu kikasahaulika, kila mtu anasimulia msiba wake. Ikawa matanga.

Jibu: Mkuu, hapo umewaonea. Kitabu kikimfanya mtu mkimya afungue kinywa, kimefanya kazi yake. Sisi tulisoma cha kuchekesha, kile cha mjomba aliyeingia harusi isiyo yake. Kila mmoja alicheka kwake, tulipokutana ikawa "pale kwenye harusi, mh!" Basi, tukaishia kupiga soga.

Jibu jingine: Asiyelia kwenye riwaya ya huzuni bado atakiri kwamba imeandikwa vizuri. Asiyecheka kwenye ya kuchekesha anaona kaibiwa muda wake, na ndiyo maana wachaguaji wanaogopa. Hata wabobezi yanawakuta: mwaka 2018 tuzo ya Uingereza ya riwaya za kuchekesha haikutolewa. Vitabu 62 viliwasilishwa, waamuzi wakasema hakuna hata kimoja kilichowafanya wote wacheke kwa sauti. Sijawahi kusikia tuzo ikikosa mshindi kwa sababu waamuzi hawakulia! Na futuhi, yaani kazi ya kuchekesha, haina bahati tangu kale. Maelezo ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuhusu tanzia, yaani kazi ya msiba, tunayo, aliyoahidi kuhusu futuhi hayakutufikia.

Mwanzisha mada: Kwa hiyo soga baada ya kicheko ni kushindwa, misiba ya watu ni fasihi? Mizani gani hiyo? Kile cha mjomba nimekisoma. Anapewa kipaza sauti kwa kudhaniwa ni mzee wa upande wa bwana harusi, na nasaha zake za uongo ndizo pekee zenye ukweli siku ile. Hapo tu mnabishana saa nzima, ila mwongozaji awe na swali mkononi.

Jibu: Mnamsahau aliyefiwa juzi. Kwetu mwenzetu aliomba tuahirishe kitabu, akajibiwa kwamba riwaya haimsubiri mtu. Lilinikera jibu lile. Watu waambiwe mapema kilichomo, na asiyeweza aruke zamu bila kuhojiwa.

Jibu la kwanza tena: Ukishatangaza kwamba mtoto atakufa, umebakisha nini cha kusoma?

Jibu: Kukunja nguo, mkuu. Ukurasa ule unauma hata ukijua.

Mwanzisha mada: Hilo la kuambiana mapema nalikubali, nitalipeleka kwetu. Zamu ijayo ni yangu na nimeshakitaja cha mjomba. Wawili tayari wamenuna.