Kualika waandishi wa nje katika jarida la nyumba na ardhi

Mhariri, Kasarani
Hamjambo wenzangu. Sisi watatu tunaandaa jarida dogo la nyumba na ardhi kwa wasomaji wa Nairobi, na sasa tungependa kualika mawakili, wapima ardhi na mawakala watuandikie makala. Hofu yangu ni kwamba anayekubali kuandika bila malipo huenda akaleta tangazo la ploti zake lililovishwa kanzu ya makala. Tuweke masharti gani?

Wakili, Upper Hill
Mpe mwandishi swali badala ya mada. Ukimwomba aandike kuhusu ununuzi wa ardhi, atausifu mtaa anaouza. Lakini ukimtaka aeleze jinsi mnunuzi anavyokagua hati kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni uliozinduliwa mwaka 2021, au kwa nini ushuru wa stempu, unaolipwa mali inapohamishiwa mnunuzi, ni asilimia 4 ya thamani yake mjini na 2 mashambani, atalazimika kufundisha. Tena, atangaze mwanzoni kama ana maslahi katika mali anayoizungumzia.

Mama Mwenye Nyumba, Ruiru
Naunga mkono. Wakala naye aonyeshe kwamba amesajiliwa, kwani sheria inamtaka hivyo. Ila mwanangu, mbona hujawataja wapangaji? Wao ndio wanaojua maji hutoka siku gani.

Mhariri, Kasarani
Kweli, mama, nimeghafilika. Je, mpangaji wa mtaa wa Umoja akituandikia, tumlipe?

Wakili, Upper Hill
Mlipeni, hata kama ni nauli ya matatu tu. Mimi nikiandika najitangaza. Yeye hana cha kuuza.