Semina za stresi kazini zilikusaidia nini? Watu wa Kigoma na Tabora tupeane uzoefu

Wa Mwanga: Wakuu habari za mchana. Ofisini kwetu hapa Kigoma mjini tumepewa semina ya msongo wa mawazo kazini. Mwezeshaji kasema Shirika la Afya Duniani toka 2019 linautambua uchovu wa kazi, sio kama ugonjwa ila kama hali inayoletwa na kazi yenyewe, na dalili ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kushindwa ulichokuwa unakiweza. Hapo kwenye kuichukia kazi watu wakaanza kuangaliana. Waliowahi kupitia mafunzo haya watuambie.

Nesi wa zamu: Hiyo ya pili ninayo mpaka leo dada. Simu ya wodini ikiita tu moyo unaruka.

Karani: Naandika kirefu mnivumilie. Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha tumbaku huko Urambo. Msimu ule soko limeisha, marobota yameshabebwa, mnunuzi hajaleta hela. Mkulima mnunuzi hamjui, anakujua wewe uliyeandika kilo zake kwenye daftari. Wakawa wanakuja asubuhi wanakaa barazani kimya mpaka jioni, na kile kimya kilinitesa kuliko matusi. Siku moja mwenyekiti kazima simu, katibu kaenda Tabora, niko peke yangu, shule zinafungua watu wanataka ada, mzee mmoja umri wa baba yangu akaingia akafunga mlango kwa ndani akakaa mbele yangu akasema mwanangu leo mimi siondoki na wewe huondoki. Mikono ikafa ganzi, kalamu imeanguka naiona na siwezi kuiokota, macho giza, nikajua ndo nakufa. Mzee huyohuyo ndo kafungua mlango kaita watu, akanishikilia kwenye bodaboda mpaka kituo cha afya. Malaria hakuna, vipimo vyote safi. Daktari akauliza tu, unalala? Nikalia mbele za watu.
Mafunzo nimeyapata kazi nyingine, na kilichonishika ni kutenganisha lililo mikononi mwangu na lisilo mikononi mwangu. Malipo hayako mikononi mwangu, taarifa iko. Siku hizi kila Jumatatu nabandika karatasi mlangoni: tumeongea na nani, kajibu nini. Watu wanasoma wanaenda zao shamba.

Bint Isevya: Mzee apewe maua yake jamani.

Mzee wa Kasulu: Vijana mnaendekeza. Sisi tumelima mihogo na maharage miaka yote hakuna aliyesema stresi.

Nesi wa zamu: Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima, hao wasiosema tunawapokea sisi, wanakuja na presha imeshapanda, wengine mdomo umeshapinda.

Mzee wa Kasulu: Marahaba. Sijasema hawaumwi. Nasema kazi ndo ilivyo.

Mwalimu Nzega: Haiko hivyo mzee. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zinazozidi ni ovataimu ya kulipwa. Mtu mnamkalisha ofisini mpaka saa mbili usiku halafu mnamfundisha kupumua? Semina waanze mabosi.

Fundi Ujiji: Zima simu ukitoka kazini. Mi jioni nashuka Kibirizi kuangalia mitumbwi ya dagaa inaondoka, simu iko nyumbani.

Bint Isevya: Uzime, kesho ukute barua ya kujieleza mezani. Jibu "nimepokea bosi" ulale.

Fundi Ujiji: Kazi ya hivyo si uache.

Bint Isevya: Kodi utanilipia wewe kaka?

Wa Mwanga: Msigombane. Ile ya kuvuta pumzi kwa kuhesabu nne na kutoa kwa sita imemsaidia nani?

Nesi wa zamu: Mimi. Ukitoa pumzi taratibu mapigo ya moyo yanashuka. Naifanya nimesimama stoo ya dawa kabla ya kwenda kuongea na ndugu wa mgonjwa. Ila haileti nesi wa pili wa usiku.

Mwalimu Nzega: Karani, siku ulizougulia walikulipa?

Karani: Walikata.

Mwalimu Nzega: Ukiwa na cheti cha daktari sheria inatoa hadi siku 126 za ugonjwa kwenye mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu.

Nesi wa zamu: Na sisi wa serikali?

Mwalimu Nzega: Nyie mna Kanuni za Kudumu, nenda kwa afisa utumishi akufungulie ukurasa wa likizo ya ugonjwa uusome mwenyewe.