Kila filamu ninapewa mlinzi wa getini: nikatae au niendelee?

Mlinzi wa Mikindani:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Nina miaka 26 na ninaigiza na kikundi kimoja hapa Mtwara kwa mwaka wa tano sasa. Katika filamu fupi saba nilizoshiriki nimekuwa mlinzi wa getini mara nne, mpiga debe mara mbili na mjomba mlevi mara moja. Steringi sijawahi kuwa. Mwezi uliopita, nje ya kibanda umiza cha mtaani kwetu, niliwakuta watoto wakiigiza ninavyotafuta funguo katika mifuko yote ilhali nimezishika mkononi. Nilifurahi sana. Hata hivyo, nyumbani wananiambia kwamba mtu wa kuchekwa haheshimiwi, na malipo yangu hutoka baada ya wenzangu wote kulipwa. Je, mtu anaweza kujenga maisha ya sanaa akiwa mwigizaji msaidizi wa vichekesho?

Mwalimu Mstaafu, Lindi:
Mwanangu, anaweza. Msome Don Knotts wa Marekani, ambaye katika tamthilia ya televisheni iliyoanza mwaka 1960 aliigiza naibu wa sherifu mwoga anayejiona shujaa, aliyeruhusiwa kuwa na risasi moja tu, nayo akaiweka katika mfuko wa shati. Andy Griffith, aliyekuwa mhusika mkuu, alitarajiwa kuwa ndiye mchekeshaji. Alipoona uwezo wa mwenzake, akaamua yeye awe mtulivu ili Knotts apate nafasi. Knotts alipata tuzo tano za Emmy, yaani tuzo za televisheni za Marekani, zote za mwigizaji msaidizi. Mwaka 1965 aliondoka ili awe mhusika mkuu katika filamu, lakini tuzo mbili za mwisho, za mwaka 1966 na 1967, alizipata kwa kurudi kama mgeni katika uhusika ule ule wa naibu.

Nakusihi uitazame ile risasi. Naibu yule hakuwa akitafuta kicheko. Aliamini kwa moyo wote kwamba usalama wa mji uko mfukoni mwake. Na wewe funguo zako zitafute kwa hofu ya kweli ya mtu anayeweza kufukuzwa kazi usiku huo huo.

Mwana wa Newala:
Naongeza jambo moja, kaka. Katika mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, mchezaji hufunika kichwa chote kwa kinyago cha mti, na sura ya mti haibadiliki hata kidogo. Watu wanacheka kwa sababu ya bega, mguu, na jinsi anavyosimama ghafla ngoma inaponyamaza. Jaribu kucheza kipande chako bila kukunja uso, uone kinachobaki.

Binti Kilwa:
Kaka yangu, hapa Kilwa tunajivunia mchekeshaji Mzee Small, yaani Said Ngamba, mzaliwa wa kwetu aliyefariki Juni 2014, na wengi tunamkumbuka pamoja na mwigizaji mwenzake Bi Chau, kwani kila mmoja alimpa mwenzake nafasi ya kung'ara. Kwa hiyo suala la heshima lisikusumbue.

Mimi ningelishughulikia suala la malipo. Niliwahi kushona mavazi ya filamu moja kwa ahadi ya mdomo, nikalipwa nusu, na iliyobaki naidai mpaka leo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa na haki katika uigizaji wake, bila kujali ukubwa wa nafasi aliyopewa. Andikianeni kabla ya kamera kuwashwa: siku ngapi za kazi, kiasi gani, kinalipwa lini, na filamu ikiuzwa tena wewe unapata nini.

Mlinzi wa Mikindani:
Shikamoo mwalimu, na ahsanteni nyote. Jumamosi tunarekodi tena, na safari hii mlinzi ana barua ya onyo mfukoni. Karatasi ya makubaliano nimeshaiandika. Nitampelekea mwongozaji kesho asubuhi.