Ukoo wa Bi Salma: Darubini ya Camp Perry

Rehema (Jumatano, 18:06)
Assalaam aleikum nyote. Hii ni mara ya tatu wiki hii ninaandika jambo hili hili, na kila mara ninaona watu 14 wamesoma na wawili ndio waliojibu. Tunahitaji darubini ya kuangalia shabaha, badala ya ile ya kwanza iliyopotea, kabla hatujakwenda kwenye mashindano ya bunduki ya Camp Perry, Ohio, na punguzo la bei linakwisha Jumamosi usiku. Kiwango tulichokubaliana ni dola 600, darubini pamoja na stendi yake. Mpaka sasa nina dola 230 mkononi, na katika hizo 100 ni zangu mwenyewe.

Idi (18:31)
Waaleikum salaam, Dada. Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba kwa dola 600 tutanunua majuto. Wanaojua kazi hii wanatumia darubini za kampuni ya Swarovski, ambazo zinavuka dola 2,000. Tununue moja ya daraja hilo tupumzike.

Rehema (18:32)
Tupumzike, halafu nani alipe?

Idi (18:32)
Mimi nitachangia mawazo.

Mwanakombo (18:40)
Mawazo ya Idi tunayo ya kutosha tangu safari ya Talladega, Alabama. 😂

Idi (18:41)
*Ujumbe huu umefutwa.*

Rehema (18:43)
Tusianze na Talladega. Salim, wewe ndiye uliyezijaribu tatu pale kwenye uwanja wa klabu. Waeleze wakubwa zako ulichokiona, tena kwa Kiswahili kamili, maana Ami Mzee anasoma.

Salim (19:20)
Assalaam aleikum wazee wangu. Kwa heshima ya Ami Idi, nadhani tunabishania bei kabla ya kukubaliana tunataka kuona nini. Watu wengi hununua darubini wakitumaini kuona tundu la risasi yao kwenye yadi 600, kisha wakilikosa wanalaumu lenzi. Risasi zetu zina kipenyo cha karibu milimita 5.7, na yadi 600 ni karibu mita 550. Kwenye yadi 200, darubini ya bei ya kati yenye lenzi ya mbele ya milimita 80 inanionyesha tundu kwenye karatasi nyeupe bila taabu, na ndani ya doa jeusi la katikati ya shabaha ninaliona ikiwa jua limekaa vizuri. Kwenye yadi 300 mambo yanakuwa ya kubahatisha. Kwenye yadi 600 sikuona tundu hata moja, na jirani yangu aliyekuwa na darubini ya bei kubwa alikiri kwamba joto likishapanda kutoka ardhini naye haoni.

Salim (19:24)
Lakini pale Camp Perry hatuhitaji kuona tundu. Walioko kwenye handaki chini ya shabaha wanaishusha, wanachomeka kisahani penye tundu, kisha wanaipandisha, na kisahani hicho hata darubini ya dola 300 inakionyesha. Kwenye shabaha za kielektroniki alama inakuja kwenye kioo kilicho mbele yako. Kazi ya darubini iliyobaki ni upepo, na pale upepo unatoka Ziwa Erie na kubadilika kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Nilipokuwa ninaangalia shabaha nilirudisha fokasi nyuma kidogo, shabaha ikapoteza ukali wake, na mawimbi ya joto yakajitokeza yakitiririka kutoka kushoto kwenda kulia kama maji ya mfereji. Baada ya dakika moja yakasimama, yakaanza kupanda wima kama uji unaochemka. Yakichemka hivyo, ama upepo umekufa, ama unatoka mbele au nyuma, ama unajiandaa kugeuka, na mwalimu wetu anatukataza kufyatua wakati huo.

Mwanakombo (19:31)
Salim ameandika khutba ya Ijumaa siku ya Jumatano.

Bakari (19:33)
Nami ninaomba ifahamike kwamba ameandika "fokasi". Kwa kanuni ya Ami, neno la Kiingereza ni faini ya dola moja.

Salim (19:34)
Fokasi ni Kiswahili, mafundi wa kamera wote wanalitumia.

Bakari (19:34)
Mafundi wa kamera siyo kamusi.

Mwanakombo (19:36)
Iingie kwenye mfuko wa darubini. Sasa tuna dola 231.

Bakari (19:37)
Kwa mwendo huu Salim akiandika khutba nyingine 369 tumemaliza.

Rehema (19:50)
Ninyi chekeni, Jumamosi haicheki. Nataka kuongeza jambo ambalo Salim hakulisema. Darubini karibu zote za bei hii zimeandikwa kwamba zinakuza kuanzia mara 20 hadi mara 60, na muuzaji atakusifia hiyo 60. Msidanganyike. Gawanyeni milimita 80 kwa 20 mtapata miale ya mwanga yenye upana wa milimita 4 inayoingia jichoni, na mkigawanya kwa 60 mnabaki na milimita moja na kitu. Kwa hiyo kwenye 60 picha ni ya kiza, imefifia pembeni, na kila mtikisiko wa hewa unakuzwa pamoja na shabaha. Mimi sijawahi kufanya kazi ya maana juu ya mara 30. Basi tuilipie nini hiyo 60?

Idi (20:02)
Nakubali hilo, lakini na mimi nisikilizwe kuhusu miwani. Kwenye darubini ya Salim ya pili nililazimika kusogeza jicho hadi kioo cha miwani kikagonga kipande cha jicho, yaani ile lenzi ndogo ya kuchungulia, na hata hivyo niliona duara dogo kama ninayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mtu wa miwani anahitaji kukaa nyuma milimita 15 au zaidi na bado aione picha nzima. Hilo ndilo linalofanya bei ipande, siyo majivuno yangu.

Salim (20:11)
Hapo Ami Idi amesema kweli. Kuna darubini ya zamani ya Kowa, lenzi ya milimita 60, inayouzwa na mzee mmoja wa klabu, ina kipande cha jicho cha mara 27 kisichobadilika, na mtu wa miwani anaona uwanja wote. Anataka dola 400. Haina ukuzaji wa kubadilisha na kwa umri ni mkubwa wangu, ila kati ya zote nilizoangalia ndiyo iliyoonyesha mawimbi kwa uwazi zaidi. Ile mpya ya Vortex ya milimita 85 inaingiza mwanga mwingi zaidi jioni na ina dhamana ya maisha, tena dhamana inamfuata yeyote atakayeimiliki. Nilipofika kwenye 45 hivi nikaona ukingo wa zambarau kuzunguka doa jeusi, lakini kwenye 25 ilikuwa safi.

Mwanakombo (20:15)
Dhamana ya maisha inafunika pia kusahauliwa juu ya paa la gari?

Rehema (20:16)
Haifuniki kupotea wala kuibiwa. Nimesoma.

Idi (20:19)
Mwanakombo, ukiwa na la kusema liseme. Nilisharudisha nilichorudisha, na aliyeiacha kwenye mvua usiku kucha siyo mimi. Muulizeni Hamisi.

Mwanakombo (20:20)
Hamisi yuko humu, anasoma.

Mwanakombo (20:44)
Anaendelea kusoma.

Rehema (20:52)
Tafadhali. Jambo la mwisho usiku huu ni stendi. Ile miguu mitatu ya kamera haifai, kwa sababu tunapolala chini kufyatua inabidi kipande cha jicho kije chenyewe penye uso bila mtu kuinua kiwiko. Inatakiwa stendi ya nguzo moja, na darubini iwe yenye kipande cha jicho kilichoinama nyuzi 45, siyo kilichonyooka. Ninyi mnaotumia mkono wa kulia mnaiweka kushoto. Mimi ni wa mashoto, kwa hiyo iwe na pete inayolegezwa ili mwili wa darubini uzungushwe. Mwaka uliopita nilimaliza zamu yangu ya risasi 20 kwenye yadi 600 shingo imepinda, na hakuna aliyenihurumia.

Bakari (20:55)
Tulikuhurumia kimoyomoyo, Shangazi.

Ami Mzee (22:47)
Waaleikum salaam warahmatullah. Huku Mombasa nimetoka msikitini sasa hivi, nimeyasoma yote. Salim, mawimbi hayo sisi tunayaita mazigazi. Nilipokuwa bandarini Kilindini tulikuwa na darubini moja ya shaba kwa watu wanane, na saa nane za mchana meli iliyokuwa mlangoni ilionekana kama inaelea hewani, juu ya maji. Mkubwa wetu alikuwa akituambia tusisome jina la meli saa hizo, tusubiri. Hakuna lenzi iliyotutatulia hilo. Basi Idi asiwatishe watu kwa dola 2,000.

Ami Mzee (22:53)
La pili. Darubini ile ya kwanza nilitoa fedha na mimi, na hakuna aliyeniambia iliishia wapi mpaka nilipoisikia arusini, mezani, kwa watu baki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Safari hii nitatoa dola 50, kwa sharti kwamba Khadija ataandika nani ameichukua, siku gani, na imerudi katika hali gani. Idi na Hamisi, sitaki majibu yenu hapa. Nipigieni simu, kila mmoja peke yake.

Rehema (Alhamisi, 06:15)
Ahsante, Ami. Tumesikia.

Salim (06:40)
Ahsante, Babu. Mazigazi, nimeliandika.

Khadija (12:08)
Nimepokea agizo la Ami. Nimefungua daftari. Mstari wa kwanza unahitaji jina la kitu chenyewe, na bado sijui kama ni Kowa au ni Vortex.

Rehema (12:10)
Kura iko juu. Pigeni.

*Kura: Kowa ya zamani, dola 400 (3). Vortex mpya (3). Tusubiri (1).*

Bakari (12:31)
Nani aliyechagua tusubiri?

Mwanakombo (12:32)
Mtu anayesoma.

Idi (17:22)
Nimezungumza na Ami. Nitaleta dola 100 Ijumaa. Ninaomba tu kwamba kabla ya kununua chochote twende sote wanne klabuni, mchana wenye jua siyo asubuhi yenye ubaridi, tuzipange mbili hizo ubavu kwa ubavu kwenye shabaha ya yadi 600, kila mtu na jicho lake. Mimi na miwani yangu, Dada na mashoto yake. Tuziangalie kwenye mara 25 hivi, na asiguse mtu 60.

Rehema (17:30)
Hilo ndilo neno la kwanza la maana kutoka kwako tangu Machi. Jumamosi saa saba mchana. Salim, mwombe yule mzee aje na Kowa yake. Hiyo Vortex utaiazima tena kwa rafiki yako. Fedha sasa ni 381 zikiwemo za Ami na za Idi ambazo sijaziona.

Salim (17:48)
Mzee amekubali, ila anasema kuna mtu mwingine anayekuja kuiangalia Ijumaa jioni. Na rafiki yangu bado hajanijibu.

Rehema (17:49)
Mwambie mzee atushikie.

Salim (17:55)
Nimemwambia. Anasema anashika kwa amana ya dola 50.

Khadija (18:20)
Tukiwa hapo hapo, ile stendi ya nguzo ya zamani haikupotea na darubini, au sivyo? Kama ipo tutaokoa dola 90. Niandike iko kwa nani?

Rehema (19:03)
Swali zuri. Iko kwa nani?

Hamisi (Ijumaa, 00:14)
Assalaam aleikum. Samahani, nilikuwa zamu za usiku wiki nzima, ndiyo kwanza ninafungua. Ami nitampigia kesho. Stendi iko hapa kwangu gereji, lakini ile skrubu ya juu haipo.