Mrejesho: Mstari mmoja kwa juma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Niliwauliza kwa nini nasoma sura tatu za Biblia kila alfajiri, lakini ikifika saa nne sikumbuki hata neno moja; mkanishauri nichukue mstari mmoja na kukaa nao. Nilianza na Zaburi ya 1, yenye mistari 6, kila mstari juma zima.

Kilichonifungua zaidi ni maelezo ya mmoja wenu kwamba neno la Kiebrania hagah, lililotafsiriwa “huitafakari”, lina pia maana ya kutamka kwa sauti ya chini. Basi nikawa naunong’ona mstari wangu huku nikiokota mabibo shambani kwetu Masasi na kuzinyonga korosho moja moja, mikono ikinata utomvu.

Juma la tatu, nikiwa kwenye mstari wa ule mti uliopandwa kando ya vijito vya maji, mnunuzi mmoja alinipunja kwenye mizani. Hasira ilipanda, nakiri, lakini mstari ulinitangulia mdomoni, nikaomba tupime upya bila kumtukana.

Maombi ya jioni na mke wangu yamerudi pia. Sasa tumeingia Zaburi ya 119, yenye mistari 176, nasi hatuna haraka nayo.